Kisa cha Mtutu Uliofupishwa

Barabara ya kutoka Singida kwenda Nzega ikishamaliza uwanda wa juu wa Iramba hutumbukia ghafla. Hapo ndipo Mlima Sekenke, ambao madereva wa malori ya Mwanza na Kigali wanaujua kwa harufu ya breki, na ukishauteremka unakaribia Shelui. Ukisimama ukingoni kabla ya kushuka, macho yanakwenda mbali kuliko yanavyoweza kutambua kitu: mbuga ya Wembere imetandazwa magharibi, bapa, hadi inapofifia kwenye vumbi. Ukishuka chini hali inageuka. Ndani ya vichaka vya miiba mtu anaweza kusimama hatua thelathini kutoka kwako usimwone.

Mahali penye sura mbili namna hii ndipo panapofaa kusimulia habari ya mtutu wa bunduki. Tangu misafara ya karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Kwanza, silaha zilizopita katika sehemu hizi za Singida na jirani zake zilizidi kuwa fupi. Kila zilipofupishwa alikuwapo mtu wa kulalamika kwamba shabaha imekufa. Malalamiko yenyewe mara nyingine yalikuwa ya kweli. Sababu iliyotajwa ndiyo iliyokuwa na walakini.

Tuanze na zile ndefu. Bunduki zilizowafikia Wanyamwezi, Wagogo na majirani zao katikati ya karne ya 19 zilikuwa za kushindilia kwa mdomoni: kwanza za gumegume, baadaye za fataki, nyingi zikiwa masalio ya majeshi ya Ulaya yaliyouzwa kwa bei ya kutupa baada ya kupitwa na wakati. Ndizo watu walizoziita magobole. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Hata ukipunguza nusu kwa sababu mabalozi hupenda kutisha wakubwa wao, bado ni mitutu mingi mno.

Mitutu hiyo ilikuwa mirefu, aghalabu inakaribia mita moja, na mtu aliyeitazama aliamini kwamba urefu ule ndio unaopeleka risasi mahali pake. Haikuwa hivyo. Ndani ya gobole ni laini, hakuna mifereji ya kuizungusha risasi. Tena risasi yenyewe, kidonge cha risasi au kipande cha chuma kilichopatikana, ilifanywa ndogo kidogo kuliko tundu ili iweze kushuka hata mtutu ukishashika masizi. Kwa hiyo baruti ikilipuka, kidonge kinakwenda kikigonga ukuta huu na ukuta ule, na kinatoka kikielekea upande ule ambao mgongano wa mwisho umekituma. Urefu wa mtutu hauwezi kukiponya. Faida ya urefu ilikuwa nyingine: baruti nyeusi huungua polepole, na mtutu mrefu uliipa muda wa kusukuma. Zaidi ya hapo, ulikuwa na heshima yake. Mzee aliyeketi barazani na gobole refu magotini hakuwa na haja ya kulifyatua ili aeleweke.

Mtu wa gobole aliyeijua silaha yake hakujidanganya. Alisubiri. Mwindaji wa ndovu aliingia hadi anasikia mnyama akipumua, na mpiganaji alifyatua karibu kisha akategemea mkuki. Shabaha yake ilikuwa miguuni: uwezo wa kusogea bila kuonekana.

Waliosahau jambo hilo waliumia, hata wakiwa na silaha bora. Mwishoni mwa Januari 1875 Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na watu zaidi ya 350, alifika Vinyata katika nchi ya Wanyaturu, kusini mashariki ya Iramba. Msafara ulikuwa umedhoofika kwa njaa na homa; Mwingereza kijana Edward Pocock alikuwa amezikwa siku chache tu nyuma. Mtu mmoja wa msafara, Kaif Halleck, aliyebaki nyuma akiugua, alikutwa ameuawa. Vita vilivyofuata vilichukua siku tatu. Tunavisoma kwa kalamu ya Stanley peke yake, na Wanyaturu hawakupewa nafasi ya kueleza ni nani alimkosea nani. Lakini jambo moja analikiri mwenyewe. Alivigawa vikosi vyake vikawafukuze wenyeji. Kikosi kimoja, chini ya Farjalla Christie, kilikimbilia mbali mno, kikazingirwa na kikamalizwa karibu chote. Siku hizo alipoteza watu zaidi ya ishirini.

Baadhi ya bunduki zilizokuwa mikononi mwa watu wale zilikuwa Snider, zenye mifereji na za kupakia nyuma, silaha ambayo katika uwanja wa mazoezi ingemlenga mtu kwa mamia ya mita. Kwenye vichaka haikupata mita hizo. Stanley akaondoka na waliobaki, akapita Iramba, akavuka mbuga aliyoiandika kwa jina la Luwamberri, yaani Wembere hii hii, na tarehe 27 Februari akaliona Ziwa Victoria.

Miaka kumi na mitano baadaye mataifa makubwa yaliamua kuupima mtutu kwa sheria. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulipiga marufuku kuingiza silaha katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na mkazo mkubwa uliwekwa kwenye bunduki zenye mifereji. Bunduki laini za gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango mdogo, chini ya uangalizi wa serikali. Waliouandika walijua walichokuwa wakifanya. Walielewa kwamba tofauti ya silaha mbili imo ndani ya tundu, wala hawakuhangaika na urefu wake. Mwafrika aliachiwa mtutu mrefu usio na mifereji, askari wa koloni akapewa mfupi ulio nayo.

Na mfupi ulikuja kweli. Jeshi la Wissmann la mwaka 1889, lililozaa jeshi la kikoloni la Kijerumani, liliwapa askari wake bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, lakini aina ya vikosi vya wawindaji, iliyokuwa fupi kwa takriban sentimita 10 kuliko ile ya askari wa miguu wa Ulaya. Ilifaa zaidi kubebwa kwa mwendo wa majuma katika nyasi na miti. Hakuna anayekumbukwa kwa kulalamikia zile sentimita kumi. Walicholalamikia ni moshi, na tutaufikia.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kiunoni mwa ofisa. Mwaka 1879 tume ya jeshi la Ujerumani ilipitisha bastola ya silinda kwa ajili ya majeshi ya himaya yote. Ilikuwa chombo kizito cha yapata kilo moja, cha risasi sita za milimita 10.6, na kila risasi ilidai nyundo ivutwe kwanza kwa kidole gumba. Kupakia kulikuwa kazi ya mtu mvumilivu: unafungua mlango mdogo upande wa kulia, unazungusha silinda tundu baada ya tundu, na maganda matupu unayasukuma moja moja kwa kijiti cha chuma, kwa sababu tume haikuona umuhimu wa kuiwekea fimbo yake ya kutolea. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa sentimita 18 hivi na mdomo wake ulinenepa kwa pete, kama kwamba fundi alikuwa bado anawaza mizinga. Miaka minne baadaye ikatoka nyingine, ya 1883. Karibu kila kitu kilikuwa kile kile, risasi zile zile, silinda ile ile, isipokuwa pete iliondolewa na mtutu ukafupishwa hadi sentimita 12 na nusu hivi.

Mtafiti akitafuta jaribio safi la kujua mtutu mfupi unafanya nini, hatapata zuri kuliko hili ambalo jeshi lilifanya bila kukusudia. Silaha mbili zinazofanana karibu kila mahali ila mtutuni. Basi zile sentimita tano na ushei ziliondoka na nini?

Kwanza zilipunguza mwendo wa risasi. Gesi ya baruti inaisukuma risasi kwa muda wote iliomo ndani ya mtutu, na ukiukata unaufupisha muda huo. Katika bastola ya silinda hasara ni ndogo kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa sehemu ya gesi imeshavujia kwenye mwanya ulioko kati ya silinda na mtutu. Tuseme risasi iliyokuwa ikitoka kwa mita 200 kwa sekunde sasa inatoka kwa 180. Kwa shabaha iliyo mita 25 mbele, ile ya kwanza itakuwa imeshuka karibu sentimita 8 kwa uzito wake na ya pili karibu sentimita 9 na nusu. Tofauti haizidi upana wa kidole, na mpigaji akishaizoea hairekebishi hata kwa makusudi, mkono unaijua.

Pili zilipunguza umbali ulioko kati ya alama mbili za kulengea, ufa wa nyuma na jino la mbele. Hapa ndipo kiini cha jambo lilipo. Kulenga ni kuzipanga alama hizi mbili katika mstari mmoja na shabaha, na jicho la mwanadamu hukosea kidogo kila mara. Ikiwa alama zimeachana sentimita 20 na jicho limekosea milimita moja, risasi itapotoka sentimita 12 na nusu kwenye mita 25. Alama zikisogezwa zikaachana sentimita 15, kosa lile lile la milimita moja litaipeleka risasi karibu sentimita 17 kando. Ni hesabu ya pembetatu zinazofanana, ya kidato cha pili. Bastola haijawa mbaya zaidi. Imeongeza adhabu tu kwa kosa ambalo mpigaji alikuwa akilifanya tangu mwanzo.

Ukitaka kulithibitisha hili, ondoa binadamu. Wakaguzi wa silaha hufunga bastola kwenye kifaa cha chuma kilichokazwa mezani na kuifyatua bila jicho wala kiganja. Ikifungwa hivyo, bastola yenye mtutu mfupi uliotengenezwa vizuri hukusanya risasi zake pamoja sawa na yenye mtutu mrefu, na wakati mwingine vizuri zaidi, kwa sababu chuma kifupi kinene hakitetemeki sana risasi inapopita. Mifereji inahitaji urefu mdogo tu ili kuishika risasi na kuizungusha. Ikishazunguka vya kutosha, kuongeza mtutu hakuiongezei adabu.

Kuna sharti moja ambalo mafundi wanalisisitiza na watu wa kawaida hawalioni: ukingo wa mdomo. Risasi inapotoka, gesi iliyo nyuma yake inalipuka pembeni kwa nguvu kuliko risasi yenyewe inavyokwenda. Ukingo ukiwa mraba na laini kote, gesi inatoka sawa pande zote. Ukiwa na mkwaruzo au umeinama upande mmoja, gesi inaanza kutoka upande ule na kuusukuma mkia wa risasi, nayo inaondoka ikiyumba. Kwa hiyo mtutu uliofupishwa kiwandani na uliofupishwa na mtu kwa msumeno si kitu kimoja hata vikilingana kwa rula. Bastola ya 1883 ilizaliwa fupi; mdomo wake ulisagwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo.

Halafu kuna mambo ya mwili. Mtutu mrefu una uzito mbele, na uzito huo hutuliza mkono unaotetemeka. Mfupi ni mwepesi wa kuinua na mwepesi pia wa kuyumba. Mlipuko na mwali uko karibu zaidi na uso, na mpigaji ambaye ameshapigwa na kelele ile mara tano hujikunyata kabla ya mara ya sita. Kujikunyata kule kunaweza kuipeleka risasi mbali kuliko kosa lolote la chuma. Kwa maoni yangu, nusu ya lawama zote zilizowahi kubebeshwa mitutu mifupi ni za vidole na kope.

Kwa nini basi jeshi lilikubali hasara hiyo? Kwa sababu ofisa hakuwa akiipiga bastola mita 25, wala hakutakiwa. Yeye alibeba amri. Askari wake ndio waliobeba bunduki. Bastola ilikuwa ya dakika ile mambo yakishaharibika. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, katika nchi ya Wahehe, safu ndefu ya ofisa wa Kijerumani Emil von Zelewski iliingia kwenye vichaka ambamo wapiganaji wa chifu Mkwawa walikuwa wamelala. Walitokea karibu kiasi kwamba askari wengi hawakupata nafasi ya kupakia. Inasimuliwa kwamba Zelewski, akiwa juu ya punda wake, alifyatua bastola na kuwapiga watu kadhaa kabla ya kijana mmoja kumchoma mkuki. Mapigano makali yalikwisha kwa dakika chache. Wajerumani kumi na askari zaidi ya mia mbili walikufa, na bunduki zao zikawa za Mkwawa. Umpe Zelewski mtutu wa sentimita 18 au wa 12, kwa umbali ule hesabu haibadiliki. Risasi ni sita, na kupakia upya kunataka kijiti.

Iramba yenyewe ilitawaliwa kutoka boma la Mkalama, ambalo jina lake leo ni la wilaya ya jirani. Silaha hazikuzungumza peke yake huko pia. Wanyaturu wanamsimulia Liti, mwanamke aliyewakabili Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa makundi ya nyuki, na uwanja wa mpira wa Singida leo unaitwa kwa jina lake. Mwanahistoria mwenye tahadhari atauliza maswali kuhusu nyuki. Mimi naona simulizi hilo linajua jambo kuhusu bunduki: haimlengei mtu yeyote asiyeweza kutulia.

Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza dhahabu iligunduliwa Sekenke, na machimbo yaliyofunguliwa pale, si mbali na Shelui, yakawa ya kwanza ya dhahabu katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Vita vilipofika na manowari za Kiingereza zikaziba pwani, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora na mwaka 1916 ikapigwa sarafu ya rupia 15, yenye ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka 16,198. Wakusanyaji wa sarafu duniani hulipa fedha nyingi kwa moja; wachimbaji wadogo wanaochekecha mchanga wa Sekenke leo wengi hawajawahi kuiona.

Katika vita hivyo ubishi kuhusu urefu wa mtutu ulipata majaribio makubwa, na upande wa Waingereza ulikuja nao kutoka nyumbani. Baada ya vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza liliamua kuacha kutengeneza bunduki ndefu ya askari wa miguu na fupi ya mpanda farasi. Likatoa moja ya katikati, Lee-Enfield fupi ya mwaka 1903, ambayo mtutu wake ulipunguzwa kutoka karibu sentimita 77 hadi 64. Wataalamu wa shabaha na mafundi wa bunduki walipiga kelele magazetini: ni fupi mno kwa askari wa miguu na ndefu mno kwa farasi, na imelegea. Miaka kumi na moja baadaye bunduki hiyo hiyo iliingia vitani na ikasifiwa kwa shabaha yake na kasi yake ya kufyatua. Mafundi walikuwa wameushughulikia mtutu mfupi kwa makini, namna unavyolala katika mti wake na namna unavyobanwa mdomoni, na huko ndiko shabaha ilikorudi.

Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa upande wao waliingia vitani mwaka 1914 wengi wao wakiwa bado na zile Mauser za 1871 zilizofupishwa. Zililenga vizuri. Taabu yake ilikuwa baruti nyeusi: kila risasi ilipandisha wingu jeupe, na askari aliyejificha vizuri nyuma ya mnazi wa Tanga alijitangaza mwenyewe kwa risasi ya kwanza. Aprili 1915 meli ya Rubens, ikiwa imejipaka rangi na kujipa jina la Kidenmaki, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga na bunduki mpya 1,800. Ilishambuliwa na kuzama nusu, lakini shehena iliokolewa na bunduki za moshi zikaanza kuachwa. Adui wa shabaha wakati ule alikuwa wingu la moshi lililomwonyesha mpigaji.

Kiunoni pia mambo yalibadilika. Bastola ya 1883 ilirithiwa na ile ya Luger iliyopitishwa na jeshi mwaka 1908, isiyo na silinda. Mtutu wake una sentimita 10 tu, mfupi kuliko ule ambao watu walishaulaumu, na bado ilipata sifa ya kulenga kuliko bastola yoyote ya kijeshi ya wakati wake. Ukiigeuza mkononi unaona sababu. Ufa wa kulengea umewekwa nyuma kabisa, juu ya kiwiko kinachokunjuka, na jino liko ncha ya mbele. Umbali kati yao unakaribia sentimita 20. Mtutu umefupishwa, mstari wa jicho haukufupishwa. Waliotaka zaidi walitengenezewa mwaka 1913 toleo la watu wa mizinga, lenye mtutu wa sentimita 20 na kitako cha mbao cha kuchomeka, ambalo vipimo vyake vya kulengea vilikwenda hadi mita 800. Mita 800 kwa bastola ni ndoto ya mtu aliyekaa ofisini.

Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba 1916. Mwaka uliofuata vita vilirudi ukanda huu kwa muda, pale kikosi cha Kijerumani kilichoanza safari chini ya Wintgens na kuendelea chini ya Naumann kilipovuka reli ya kati na kupanda kaskazini kwa upande wa Mkalama, kikifukuzwa na majeshi mengi kuliko ukubwa wake. Wairamba walilipa kwa ng'ombe, nafaka na mabega ya kubebea mizigo, kama ilivyokuwa kila msafara ulipopita.

Utawala wa Kiingereza uliofuata ulileta bastola za silinda za aina ya Webley. Ile ya 1915 ilikuwa na mtutu wa sentimita 15 na risasi nene ya .455, na iliwachosha viganja walioajiriwa vitani kwa haraka. Jeshi likaamua kwamba silaha nyepesi ya .38 ingefundishika kirahisi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 likapitisha bastola ya Enfield yenye mtutu wa karibu sentimita 13. Ulikuwa mfupi zaidi, na askari wengi waliilenga vizuri kuliko ile nzito.

Kisha mwaka 1938 pakatokea jambo ambalo lingepaswa kumaliza ubishi. Watu wa vifaru walilalamika kwamba kidole cha nyundo kinanasa kwenye vyuma wanapoingia na kutoka. Kidole hicho kikakatwa. Tangu hapo bastola haikuweza tena kuvutwa nyundo kwanza kisha ikafyatuliwa kwa mguso mwepesi. Kila risasi ilidai kidole kivute nyundo yote kwa mvuto mmoja mrefu na mzito. Mtutu haukuguswa hata milimita. Ufa na jino vilibaki mahali pake. Lakini askari waliopewa toleo hilo walilalamika kwamba haipigi panapolengwa, na walikuwa na haki, kwa sababu mvuto mzito unausogeza mkono wote.

Siku hizi neno la mtutu mfupi Watanzania wanalisikia zaidi katika taarifa za polisi: kumekamatwa watu na bunduki aina ya shotgan iliyokatwa mtutu na kitako. Gobole la mwindaji haramu, analoliunda mhunzi kwa bomba la maji, kwa kawaida bado ni refu, maana baruti yake ya kienyeji inaungua polepole kama ya babu zake. Anayekata shotgan hana habari na hesabu ya pembetatu. Anakata ili iingie ndani ya koti au begi. Marisaa yake yatatawanyika mapema zaidi, ufa na jino havina kazi, na kwa umbali anaokusudia kusimama, yaani mezani kwa mwenye duka, hahitaji kulenga. Marekani walilitungia sheria jambo hilo mwaka 1934. Rasimu ya kwanza ilikusudia kubana bastola zote kwa kuwa zinafichika, na mitutu iliyokatwa ikaingizwa ili watu wasijitengenezee bastola kwa msumeno. Wabunge wakaziondoa bastola, kifungu cha mitutu kikabaki. Hadi leo huko shotgan yenye mtutu chini ya sentimita 46 hivi ikiwa haijasajiliwa ni kosa kubwa la jinai, na bastola ya silinda yenye mtutu wa sentimita 5 inauzwa dukani.